Bega la Namba Tano

Saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, muuza dawa aliweka mkono wake juu ya bega la shemeji yangu.

Hakusita. Alipita mbele ya namba moja, mbili, tatu na nne bila kupunguza mwendo, akafika kwa namba tano, akamtazama usoni kwa muda ninaoukadiria kuwa sekunde nne, kisha akamgusa kama kanuni inavyotaka: kiganja wazi, bega la kulia.

"Ni huyu," alisema. "Sura hii naijua."

Mtuhumiwa wetu alikuwa namba tatu.

Kwa msomaji anayeanza leo: mimi ni koplo wa polisi, na ni mzaliwa wa ng'ambo ya reli, mtaa ambao watu wa mji huu huwaita wakazi wake wakuja. Babu yangu alizaliwa hapa. Baba yangu amezikwa hapa. Bado ni wakuja. Katika kituo chenye askari sitini na wanane, mkuja ni mimi peke yangu, na wenzangu wananiita Balozi.

Wiki zilizopita nimeeleza jinsi duka la dawa lilivyovamiwa na mlinzi wake akapigwa chuma kichwani. Nimeeleza jinsi Inspekta alivyomkamata fundi baiskeli wa mtaani kwetu kwa sababu ya ndevu na urefu wake. Na nimeeleza agizo alilonipa: nitafute wanaume wanane wanaofanana na fundi huyo, wasimame naye kwenye gwaride la utambulisho.

Niliwapata. Namna nilivyowapata ndilo kosa langu, na sitalipunguza.

Kanuni inasema kila anayesimama kwenye mstari aandikwe jina kwenye fomu kabla shahidi hajaingia. Ng'ambo ya reli hakuna mtu anayempa polisi jina lake. Sababu ipo. Miaka mitatu iliyopita maofisa wawili walipita mlango kwa mlango na karatasi, wakiandika wanaume wa mtaa, eti kwa ajili ya ulinzi wa pamoja. Waliandika arobaini na moja. Wiki mbili baadaye kulitokea fujo sokoni, na kumi na tisa kati yao wakachukuliwa kwa kusomwa kwenye karatasi ile. Mmoja wao alikuwa amelazwa hospitali siku ya fujo.

Kwa hiyo niliwaambia: "Njooni msimame dakika kumi. Majina hayataandikwa. Namba tu."

Nilimweleza Inspekta. Alijibu bila kuinua macho: "Namba zinatosha, Balozi. Sisi tunataka sura, hatutaki ukoo."

Walikuja saba. Wa nane alipungua, nami nikampigia simu shemeji, kaka wa mke wangu, fundi makochi, mrefu na mwenye ndevu. Aliacha kochi la mteja likiwa limevalishwa kitambaa upande mmoja.

"Dakika kumi tu?" aliuliza.

"Kumi. Ukichelewa nitakuja kukugongea misumari mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Sasa turudi uani.

"Namba tatu, ondoka," alisema Inspekta. "Namba tano, baki hapo hapo."

Shemeji alicheka. Alidhani ni sehemu ya zoezi. "Afande, mimi nimekuja kusaidia tu. Muulize shemeji."

"Shemeji yako ni nani?"

Alininyooshea kidole.

Inspekta aligeuka taratibu. "Nilisema hatutaki ukoo, Balozi. Wewe umeubeba mzima mzima."

"Afande, huyu ni wa kujaza mstari. Akitambuliwa yeye, maana yake shahidi amekosea."

"Au tulikosea sisi. Mtu katuletea miguu yake mwenyewe mpaka uani, wewe unataka nimrudishie?"

"Nimemwita mimi. Jana jioni, kwa simu."

"Imeandikwa wapi?"

Fomu ilikuwa mkononi mwangu. Chini ilikuwa na saini yake, kama fomu zote za kituo chetu. Inspekta huzisaini kumi kumi kila Jumatatu asubuhi ili asisumbuliwe wiki nzima. Juu ilikuwa na tarehe na mahali. Katikati kulikuwa na mistari tisa, moja hadi tisa, na mbele ya kila namba hakuna kitu. Hata nafasi ya mtuhumiwa ilikuwa tupu, kwa kuwa mtuhumiwa huchagua mwenyewe pa kusimama na sisi huijaza baada ya zoezi.

"Ulisema namba zinatosha," nilimwambia.

"Nilisema lini? Mbele ya nani?"

Mbele yangu tu.

Wale saba waliondoka kwa mwendo wa watu wanaojizuia kukimbia. Fundi baiskeli alitangulia mbele yao. Hakuniaga, na sikutegemea aniage.

Saa saba mchana niliingia mahabusu. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulichukuliwa.

"Dakika kumi zako ndefu, bwana," alisema.

"Muuza dawa anasema sura yako anaijua."

"Aache kuijua kwa nini? Kila Ijumaa namnunulia binti yangu dawa ya pumu pale. Mwaka wa pili huu."

"Uvamizi ulikuwa Ijumaa."

"Najua."

"Siku ile ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu hivi. Nimenunua, nimetoka. Yule mlinzi ndiye aliyenifungulia mlango."

Taarifa ya uvamizi ilipokelewa kituoni saa kumi na moja na dakika arobaini.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniambia njoo usimame. Nikasimama."

"Risiti unayo?"

"Shemeji, wewe unatunza risiti za dawa ya kikohozi?"

Niliandika maneno yake kwenye notibuku yangu ya kazi, pamoja na saa aliyoitaja, kama nilivyofundishwa. Kisha nilichana ukurasa ule, nikaukunja, nikauweka kwenye soksi. Nimeahidi kuandika nilichofanya. Hicho nilikifanya.

Sikumuuliza kama ni yeye. Sababu yake sijaithibitisha hadi leo.

Saa tisa na robo simu ya mezani ililia. Inspekta alisikiliza, akasema "poleni" mara mbili, akaweka mkono wa simu chini. Alisimama, akaenda ubaoni, akafuta neno "unyang'anyi" kwa kiganja na kuandika "mauaji". Mlinzi wa duka alikuwa amefariki.

"Kesho saa nne mwendesha mashtaka anakuja kuchukua jalada," aliniambia. "Fomu iwe imejazwa. Namba tatu, mtuhumiwa wa kwanza, hakutambuliwa. Namba tano, mtuhumiwa wa pili, ameletwa na Koplo kwa taarifa za siri. Utaonekana hodari. Kuna cheo cha sajenti kimekaa miezi sita kinamtafuta mwenyewe."

"Na nikijaza ilivyokuwa?"

"Ilivyokuwaje? Kwamba umeingiza ndugu wa mkeo kwenye mstari ili uvuruge ushahidi? Hilo nalo lina kifungo chake." Alijipangusa chaki kwenye suruali. "Ilivyokuwa yako ina mashahidi?"

Ilikuwa nao saba.

Saa kumi na moja jioni nilivuka reli. Nilivaa nguo za nyumbani. Sidhani kama zilisaidia.

Karakana ya baba mkwe ina milango miwili ya bati, na yote ilikuwa imerudishwa, jambo lisilo la kawaida saa za kazi. Ndani kulikuwa na lile kochi la mteja, upande mmoja kitambaa, upande mwingine mbao na sponji. Hakuna aliyekuwa amelikalia. Wale saba walikuwa wamesimama kando ya kuta. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha kushonea. Mke wangu alikuwa mlango wa nyuma, na begi la nguo miguuni.

Aliyenipokea ni seremala wanayemwita Ngazi, kwa urefu wake. Kwenye gwaride alikuwa namba moja.

"Karibu, Balozi. Leo unachukua wangapi?"

"Saba," nilisema.

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki.

Niliwaeleza kwa mpangilio. Fomu ina mistari tisa. Nikiandika jina la shemeji peke yake, litakuwa ni neno langu na shemeji yangu dhidi ya Inspekta. Nikiandika majina yao saba, na kila mmoja akatoa maelezo kwamba alisimama pamoja naye kwa wito wangu, shemeji hawezi kuitwa mtuhumiwa wa pili. Atakuwa alivyokuwa: mtu aliyekuja kujaza mstari. Na shahidi aliyemchagua mtu wa kujaza mstari hana tena utambulisho wa kupeleka mahakamani.

"Ulituambia majina hayataandikwa," alisema Ngazi.

"Niliwaambia."

"Ulitudanganya."

"Sikuwadanganya. Nilikosea. Ningeyaandika leo asubuhi, huyu bwana angekuwa hapa anamalizia kochi."

"Kumbe kosa letu! Kwa kuogopa!"

"Kosa langu. Kwa kuwakubalia."

Kinyozi, aliyekuwa namba tisa, alikuwa akikunja na kukunjua mikono ya shati. "Na siku fujo zikitokea tena sokoni, orodha unayo."

"Itakuwa kwenye jalada la mahakama, si kituoni."

"Kutoka mahakamani mpaka kituoni ni mwendo wa saa ngapi?"

Ni dakika sita kwa miguu.

"Sikilizeni," nilisema. "Sasa ni shtaka la mauaji. Mlinzi amefariki leo saa tisa."

Kwenye mlango wa nyuma mke wangu aliketi juu ya begi lake. Baba mkwe hakuinua kichwa. Alichukua sindano ile ndefu ya makochi, akaitazama, akairudisha kwenye mkebe.

"Mkwe," alisema, "ulipokuja kuposa hapa, nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza, hizi nguo za polisi nikizivaa nitakuwa mtoto wa nani."

"Ukasema?"

"Nikasema nitakuwa wako, baba."

"Haya. Mwanangu mmoja ameshikwa, na mwingine ndiye aliyemshikisha. Nimwite nani anisaidie?"

Nilitazama saa. Ilikuwa kumi na moja na dakika hamsini.

Ngazi alifungua mlango wa bati kwa mguu. "Nenda, Balozi. Giza likikukuta huku watasema tumekuteka."

Mke wangu alinifuata hadi nje, hatua tatu.

"Dawa ya mtoto wa kaka imebaki ya siku mbili," alisema. "Nani ataingia kwenye duka lile?"

"Nitakwenda mimi."

"Wewe?" Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa na kukiona kifupi. "Wewe baki na fomu yako. Mimi nalala hapa."

Jumatano, saa mbili kamili, nilikuwa kaunta. Fomu ilikuwa mbele yangu. Inspekta alipita mara mbili akienda kwenye birika la chai ambalo halikuwa na chai.

Saa tatu na nusu nilichukua kalamu. Kwenye mstari wa tatu niliandika jina la fundi baiskeli, na mbele yake: mtuhumiwa, hakutambuliwa. Kwenye mstari wa tano niliandika jina la shemeji, majina yote matatu, na mbele yake: wa kujaza mstari, aliitwa na mimi kwa simu Jumatatu jioni, ni kaka wa mke wangu.

Inspekta alipita mara ya tatu, akasoma juu ya bega langu.

"Umejiandikia barua ya kufukuzwa kazi. Tena kwa mwandiko mzuri."

"Fomu ina saini yako, afande."

Alinyoosha mkono kuichukua. Niliikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kwa kumbukumbu yangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgomea mkubwa wangu kazini. Askari wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea.

"Hiyo saini nilitia Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye karatasi tupu."

"Basi mwambie hivyo mwendesha mashtaka."

Alirudisha mkono mfukoni. Hasira sikuiona. Niliona anahesabu mistari.

"Mistari saba ipo wazi, Balozi. Nitamwambia umeandika huu mmoja baada ya kujua ni shemeji yako. Yeye si mjinga. Ataamini mistari iliyo wazi."

Aliingia ofisini kwake, akaacha mlango nusu.

Saa tatu na dakika arobaini na tatu askari wa geti aliniita. "Balozi! Wajumbe wako hawa."

Walikuwa saba, wamevaa mashati ya kutokea. Baba mkwe alikuwa amewasindikiza. Yeye alibaki nje ya geti, kwa sababu hakusimama kwenye mstari na alisema haingii mahali asipohusika. Ngazi alikuja moja kwa moja hadi kaunta na kuweka viwiko juu yake.

"Tumekuja kuandikwa."

"Nani amewabadilisha mawazo?"

"Mkeo. Ametutukana tangu magharibi. Mtu mmoja mmoja, na mama zetu na shule tulizosoma. Andika upesi kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mwoga."

Niliandika. Namba moja: jina lake, la baba yake, la babu yake, kazi yake, mtaa. Alitazama kalamu ikitembea hadi mwisho wa mstari, kisha akasogea pembeni na kupumua kwa sauti, kama mtu aliyetua gunia.

Namba mbili, fundi bomba. Namba nne, mwenye duka la rangi. Huyu aliniuliza kama ni lazima kutaja mtaa. Nilimwambia ni lazima. Alitaja.

Namba sita, dereva wa lori, alikuwa na jina la babu ambalo hata mimi sikuwa nimelisikia. Alinitajia mara mbili. Tulipomaliza akasema, "Mzee angefurahi, hajawahi kuandikwa popote," na wenzake wakacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Hapo ndipo mlango wa Inspekta ulipofunguka wote.

Alikuja na jalada la kesi chini ya kwapa. Aliwaamkia kwa adabu, akawapa pole kwa kusumbuka. Kisha akaniuliza, kama vile amesahau:

"Koplo, maelezo ya muuza dawa yanasemaje? Waliovamia walikuwa wangapi?"

Nilikuwa nimeyasoma maelezo yale mara nne. Nilijibu kama ninavyojibu siku zote ninapoulizwa kilichomo kwenye jalada.

"Aliona sura moja, afande. Wengine walikuwa wamejifunika. Anakadiria sita au saba."

Nililisikia jibu langu baada ya kulitoa.

"Sita au saba," Inspekta alirudia, bila kunitazama. Alikuwa akiwatazama wao, mmoja mmoja, kutoka kwa Ngazi hadi kwa kinyozi. "Na wote mnafahamiana na namba tano?"

Fundi bomba alitazama geti.

"Wote wa mtaa mmoja. Wote mmeletwa na mtu mmoja. Na mmekuja wenyewe kumtetea, asubuhi hii hii anapokuja mwendesha mashtaka." Alifungua jalada juu ya kaunta, kando ya fomu yangu. "Endelea, Koplo. Andika majina. Nami nitayahitaji."

Kinyozi alikuwa ameshaweka mkono mezani, tayari kwa zamu yake. Aliuondoa.

Ngazi aligeuka. Hakumtazama Inspekta. Alinitazama mimi.

"Funga geti," alisema Inspekta.

Nilikuwa nimeandika majina manne kati ya saba. Nje, baba mkwe alishika nondo za geti kwa mikono miwili, na saa tatu na dakika hamsini na mbili askari wa zamu alisukuma komeo.